Sitara Inayojazwa Upepo

Wazo la kujenga nyumba kwa upepo lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, ambaye wengi humfahamu kwa magari yake na kwa nadharia zake za urukaji wa ndege, aliomba hataza ya hema la hospitali ya uwanja wa vita lisilokuwa na nguzo hata moja. Lilikuwa kitambaa cha puto kilichofungwa ardhini pande zote na kuinuliwa na hewa inayosukumwa ndani, na mlango wake ulikuwa chumba kidogo chenye milango miwili ili anayeingia asiitoe pumzi yote ya jengo. Vita ikaisha, hema halikujengwa. Naomba msomaji akumbuke kwamba mwaka huohuo, katika ardhi hii tunayoikanyaga, wapagazi walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi ya wakoloni waliokuwa wakipigana kwetu, wakifa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, wakilala chini ya matawi. Hakuna aliyewaombea hataza.

Teknolojia hiyo ilipofufuka, haikufufuka kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1948 Mmarekani Walter Bird alisimamisha kuba la kitambaa lililoshikiliwa na hewa, na kazi ya makuba ya namna hiyo ikawa kuikinga mitambo ya rada dhidi ya theluji na dhoruba, wakati Marekani ikihofia ndege za Kisovieti kutokea upande wa Ncha ya Kaskazini. Kitambaa kilipendwa kwa sababu mawimbi ya rada hupenya bila kuzuiwa na vyuma vya paa. Miaka 22 baadaye, katika maonyesho ya dunia ya Osaka ya 1970, upepo ulikuwa umegeuka sanaa: banda la Fuji, lililobuniwa na Yutaka Murata, lilijengwa kwa mirija minene ya hewa iliyopindwa kama matao. Mfuatano basi ni huo: kwanza mashine, kisha burudani, na mwishoni mtu aliyepoteza nyumba. Silisemi hili kwa kinyongo. Nalitaja kwa sababu kifaa hukumbuka alikozaliwa, hata kinapobadilishiwa kazi.

Nieleze kwa ufupi jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, maana nimeona watu wakidhani pana muujiza. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ile ya Lanchester: chumba chote ni puto, na walio ndani wanaishi katika hewa iliyobanwa kidogo kuliko ile ya nje. Ni kidogo kweli. Msukumo huo wa ziada kwa kawaida hauzidi sana kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba, yaani mfuko mmoja wa unga wa kilo 25 uliotandazwa sakafuni, nao unatosha kwa sababu kitambaa chenyewe hakifiki hata kilo 2. Hasara yake ni kwamba feni lazima isukume hewa usiku na mchana. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, paa huanza kushuka taratibu juu ya vichwa. Kwa Mtanzania aliyeonja mgao wa umeme, mjadala wa njia hii unaweza kuishia hapo.

Njia ya pili ni ya mirija. Fikiria tyubu kubwa za baiskeli zilizopindwa kama matao: zinajazwa, vali inafungwa, na kitambaa cha hema kinaning'inia juu yake. Hapa feni ya kudumu haihitajiki. Kusimama si kazi, maana hema la namna hii husimama kwa dakika chache. Kazi ni kubaki chini. Kitu chenye eneo kubwa na uzito mdogo ni tanga, na tanga hutafuta pa kwenda. Desemba 2021, katika mji wa Devonport kisiwani Tasmania, upepo wa ghafla uliinua jumba la kurukia watoto, mfano wa haya tunayokodi kwa sherehe za kuzaliwa, na watoto 6 wakafariki. Ndiyo maana mhandisi anayeijua kazi yake hufikiria vigingi na kamba kwa muda mrefu kuliko anavyofikiria pampu.

Elimu hii mimi, mtu wa sayansi za jamii, niliipata kwa kuitwa. Mwenzangu wa kitivo cha uhandisi alinialika kukaa katika jopo la kutathmini miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Binti mmoja alileta hema la mirija minne, lenye kukunjwa likaingia katika mfuko ambao watu wawili wanaweza kuubeba. Alilisimamisha mbele yetu kwa pampu ya mguu, na wenzake wakapiga makofi. Kilichonivutia zaidi ya kasi ni uamuzi wake mdogo ambao wanajopo wengine waliupita haraka: ndani ya kila mrija aliweka mfuko wa mpira unaoweza kuchomolewa, na vali zake zilikuwa za pikipiki. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba kijiji kisichokuwa na fundi baiskeli bado hajakiona, na fundi baiskeli ana gundi na viraka. Nimesoma maandiko mengi kuhusu "teknolojia stahiki" katika maisha yangu ya chuo; jibu la binti yule lilikuwa fupi kuliko yote, na nadhani ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza: usiku taa ikiwashwa ndani, aliye nje anaona nini?

Pakawa kimya. Mwenzangu akacheka akasema, "Daktari, hayo ya vivuli utayashughulikia wewe, mimi nahakikisha paa halimwangukii mtu." Tuliendelea na hoja nyingine. Lakini swali lile halikuwa la mzaha, na ningependa kulifafanua hapa kwa marefu ambayo jopo halikuniruhusu.

Katika Kiswahili tunasema mtu amepata mahali pa kujisitiri. Neno sitara lina uwanda mpana kuliko yale yaliyo kwenye majedwali ya wahandisi. Jedwali lina mvua, upepo, joto, moto, na kwa baadhi ya mahema ya kitabibu lina vijidudu. Sitara ina hayo yote na ina jicho la jirani. Nyumba ya udongo yenye paa linalovuja inaweza kumsitiri mwenye nyumba, kwa sababu anaweza kufunga mlango akalia bila kuonwa, akabadili nguo, akamnyonyesha mtoto, akagombana na mumewe kwa sauti ya chini. Hema jeupe la kitambaa chepesi, lenye taa ndani, humgeuza mwenyeji kuwa picha ya sinema kwa kambi nzima. Wapo waliolitambua hili. Kibanda cha Better Shelter, kilichobuniwa Sweden kwa ushirikiano wa Wakfu wa IKEA na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, kilitengenezewa paneli za plastiki zinazoingiza mwanga mchana lakini zisizotupa vivuli nje usiku, na kikawekewa mlango wa kufungwa kwa kufuli. Kina mita za mraba 17.5, kipimo ambacho si cha kubahatisha: viwango vya kimataifa vya Sphere vinataka walau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, na familia imehesabiwa kuwa na watu watano. Hata hicho nacho hakikukosa dosari. Mwishoni mwa 2015 jiji la Zürich liliachana na vibanda 62 vya aina hiyo baada ya jaribio la moto kuonyesha jinsi vinavyoungua. Kusitiriwa na macho na kukingwa na moto ni mambo mawili, na lililotatuliwa moja halikulitatua la pili.

Mimi nilikulia Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa na umri wa miaka 13, na ndani ya saa 24 hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi wangu idadi hiyo na kuona macho yao yakikosa pa kuiweka, kwa hiyo nieleze nilichokiona: kilima tulichokuwa tukichungia mbuzi kiligeuka buluu. Turubai la msaada lina ukubwa wa mita 4 kwa 5. Likipindwa juu ya fito linakuwa mgongo wa kitu fulani, na migongo hiyo ilikwenda hadi macho yalipokoma. Turubai lilitoka Geneva. Fito zilitoka kwetu. Kwa miezi michache miti ya kuni na ya kujengea ilisogea mbali, kisha ikatoweka, na akina mama wa pande zote mbili, wenyeji na wageni, wakawa wanakutana porini kwa safari za saa nyingi.

Huko ng'ambo kulikuwa na mtu aliyeliona tatizo hilo la fito. Msanifu majengo Mjapani Shigeru Ban alipoona wakimbizi wa Rwanda wakihangaika na baridi chini ya plastiki, alikwenda UNHCR na pendekezo la nguzo za karatasi, mirija ya boksi gumu kama ile inayobaki vitambaa vya jora vikiisha. UNHCR ilikuwa imejaribu kutoa nguzo za alumini, wakimbizi wakaziuza, kwa sababu alumini ina bei sokoni na watoto wana njaa, kisha wakarudi kukata miti. Karatasi haina mnunuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Ninamheshimu Ban kwa kuwa alianza na swali la kiuchumi kabla ya swali la umbo: kitu hiki kikiwa mikononi mwa mtu asiye na chochote, atakifanya nini? Mbunifu wa hema la upepo angepaswa kujiuliza hivyohivyo. Mpira wa tyubu una bei. Zipu ina bei. Pampu ya mguu, kwa hakika, itauzwa wiki ya pili.

Miaka 22 baada ya kilima kile, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Mama yangu mkubwa, aliyeolewa Bukoba na kubaki huko baada ya kufiwa na mumewe, alinipigia simu jioni ile kunijulisha kwamba yu hai na kwamba ukuta wa sebule "umefungua mdomo." Nilipofika baada ya siku tatu nilimkuta amelala uani chini ya turubai la kuanikia kahawa, pamoja na wajukuu wanne. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunusa.

Wiki iliyofuata akapewa hema, zuri, jeupe, jipya. Alilisimamisha nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mlango ukielekea jikoni. Kivuli cha migomba kilipunguza joto la mchana, na majani yakavunja upepo wa ziwani. Ndani alitundika kanga mbili na blanketi ili taa isiwaanike wasichana wakati wa kuvua nguo. Kwa maoni yangu, na nimeketi katika majopo kadhaa tangu wakati ule, huo ulikuwa usanifu wa daraja la juu. Siku mbili baadaye afisa mmoja, ambaye sitamtaja wala sitaitaja ofisi yake, alikuja na daftari akamwelekeza alihamishie uwanjani, kwenye mstari pamoja na mengine, ili yahesabike na wageni wayaone.

Mama mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha kahawa, kisha akamuuliza, "Mwanangu, nikilala uwanjani, hizi ndizi atazilinda nani?"

Hema halikuhama. Lakini majirani watatu walihama, kwa sababu hawakuwa na ulimi wa mama mkubwa wala umri wake, wakalala uwanjani juu ya nyasi zilizolowa huku nyumba zao zilizopasuka zikichukuliwa mabati usiku. Picha ya mahema yaliyopangwa mstari ilipendeza. Niliiona baadaye.

Nimeikumbuka picha hiyo kila nikisoma maelezo ya bidhaa hizi. Kasi ndiyo inayouzwa: dakika tano, watu wawili, mfuko mmoja. Nakubali kwamba ipo mahali ambapo kasi ni uhai. Baada ya tetemeko la Pakistan la Oktoba 2005, Madaktari Wasio na Mipaka walisimamisha hospitali ya mahema ya upepo huko Mansehra, yenye vyumba vya upasuaji, katika eneo ambalo majengo ya hospitali yalikuwa yameanguka au hakuna aliyethubutu kuyaingia kwa hofu ya mitetemeko ya baadaye. Hema lina faida hiyo ambayo saruji haina: likikuangukia, unatoka. Lakini hao hao walipoipeleka hospitali ya namna hiyo Haiti, baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, ndege yao ya mizigo ilinyimwa nafasi ya kutua katika uwanja wa Port-au-Prince, uliokuwa chini ya udhibiti wa jeshi la Marekani, ikaelekezwa Samaná katika nchi jirani, na vifaa vikamalizia safari kwa malori. Walipoteza siku nzima. Hospitali inayosimama kwa saa chache ilikwamishwa na mtu mwenye orodha ya ndege mkononi. Katika vipimo vyote vya maabara, mtu huyo hayumo.

Na sasa niende Beni, kwa sababu huko ndiko swali langu la vivuli lilikojibiwa kwa namna ambayo hata mimi sikuitarajia.

Agosti 1, 2018, serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, ambao baadaye uliingia Ituri na kudumu hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Ni eneo la wasemaji wa Kiswahili, watu tunaoelewana nao bila mkalimani, na lilikuwa tayari limechoshwa na miaka mingi ya mauaji ambayo dunia haikuyaletea mahema. Vituo vya matibabu vilivyojengwa haraka vilikuwa na uzio wa plastiki, na nyuma ya uzio watu waliovaa mavazi yanayoficha uso. Mgonjwa aliingia akitembea. Mara nyingi alitoka ndani ya mfuko uliofungwa. Ndugu waliosimama nje hawakuona kilichotokea katikati, na pale ambapo jicho halifiki, uvumi huingia bila kubisha hodi. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya wiki moja. Aprili 19 mwaka huo, Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Sisemi kwamba ukuta wa plastiki ndio uliofanya hayo. Kulikuwa na siasa za uchaguzi, makundi ya silaha, na fedha nyingi zilizoingia kwa mlango usiojulikana. Nasema ukuta ule haukusaidia.

Shirika la ALIMA, lenye makao Dakar, lilileta Beni kitu kingine. Walikiita CUBE: chumba cha mgonjwa mmoja, cha kubebeka, chenye kuta za plastiki angavu kama kioo na mikono ya plastiki iliyoshonewa ukutani. Muuguzi akiwa nje huingiza mikono yake ndani ya ile mikono, akamwekea mgonjwa sindano, akampa maji, akamfuta jasho, bila kulazimika kuvaa kila mara vazi zito ambalo katika joto lile huwezi kukaa nalo zaidi ya saa moja hivi. Na mama wa mgonjwa husimama hatua moja kutoka kwa mwanawe. Anamwona. Wanazungumza. Akifa, amemwona akifa, na anajua kwamba hakuna aliyemkata kiungo wala kumnyonga.

Hapo ndipo nilipolazimika kulipanua neno langu. Kwa mama mkubwa wa Bukoba, sitara ilikuwa kuta zisizopenyeka kwa jicho. Kwa mama wa Beni, sitara ya mwanawe ilikuwa kuta zinazopenyeka. Vitambaa hivyo viwili ni kinyume kabisa cha kila kimoja, na maabara ya vifaa haiwezi kutuambia kipi ni bora. Kinachoviunganisha ni mtu anayeamua: nani amwone nani, lini, na kwa ruhusa ya nani. Mwenye nyumba ana pazia, na pazia lina mkono wake. Hema la msaada kwa kawaida huja na pazia lililokwisha kufungwa au kuondolewa na mtu aliye mbali sana.

Hapa siasa zetu zinaingia, hata kama mwenzangu wa uhandisi asingependa ziingie. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi waliokuwa wakikimbia machafuko ya awamu ya tatu ya Nkurunziza. Wapo watu waliozaliwa pale, wakaoa pale, na wana watoto shuleni pale, wakiwa katika makazi ambayo kwa tafsiri ya kisheria ni ya muda. Serikali zinazowapokea wakimbizi, yetu ikiwamo, huogopa tofali, kwa sababu tofali hutangaza kwamba mtu atakaa. Kitambaa hutangaza kwamba ataondoka, hata akikaa miaka 30. Kadiri hema linavyokuwa bora, jepesi na la kuvutia, ndivyo inavyokuwa rahisi zaidi kuendelea kuliita jambo la muda. Hili ni jambo ambalo mbunifu hawezi kulitibu kwa kitambaa, lakini anapaswa kujua kwamba kazi yake inaweza kutumika hivyo.

Na tusiwatazame wakimbizi peke yao. Maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, 2023, yaliua watu zaidi ya 80, na walionusurika walipelekwa kwenye majengo ya shule mjini Katesh na vijiji vya jirani. Ndivyo tunavyofanya karibu kila mara. Hifadhi yetu ya dharura, ukweli ni huo, ni darasa. Ina paa, choo, na uwanja wa helikopta ya viongozi. Desemba watoto wako likizo, kwa hiyo haikuonekana. Mafuriko yakija Aprili, shule inafungwa, na mtoto wa darasa la saba analipa gharama ambayo haimo katika taarifa ya maafa. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa ajili ya waathirika, na naomba nieleweke: hilo lilikuwa jambo jema, na lilifanyika kwa haraka kuliko tulivyozoea. Lakini kati ya tope na funguo kulikuwa na miezi, na miezi hiyo watu huishi mahali fulani.

Msimamo wangu baada ya yote haya ni kwamba hema la upepo la binti yule linafaa sana, na halifai kwa kazi aliyoliandikia. Ameliandika kuwa makazi ya familia. Mimi ningeliweka liwe zahanati ya siku kumi za kwanza, chumba cha kujifungulia, ghala la dawa, na hasa darasa: familia zibaki madarasani zikiwa zimelazimika, na somo la hesabu lihamie kwenye hema. Familia zenye kiwanja, kama zilivyokuwa nyingi Kagera, zipewe turubai zuri, fito zilizonunuliwa mahali ambapo miti ipo, misumari, kamba, na zibaki uani kwao karibu na ndizi, mbuzi na makaburi ya wazee wao. Hilo halina dakika tano za kuonyesha kwenye televisheni. Wala halihitaji daktari wa falsafa kuligundua. Majirani wa mama mkubwa walilijua kabla ya afisa kufungua daftari.

Nimemwandikia mwenzangu barua yenye mapendekezo hayo. Nimeomba pia kwamba kabla hema halijaingizwa katika zabuni yoyote, lisimamishwe wiki tatu mfululizo mahali penye jua na mvua, likikaliwa na watu, na kwamba kila usiku taa iwashwe ndani na mtu asiye mhandisi asimame nje aandike anachokiona. Nimependekeza pampu ya pili iwekwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Na nimeomba jopo lijalo liwe na mjumbe mmoja aliyewahi kulala katika hema kwa zaidi ya mwezi, si kwa utalii.

Alinijibu juzi kwa mstari mmoja, akiuliza kama mama mkubwa angekubali. Nimempigia simu. Amekubali, ila ana sharti: hema lifikishwe Bukoba, maana yeye hapandi basi siku nzima kwenda kuangalia mfuko wa upepo.